Uzito Wako ni Amana

Maswali yanayomfikia mwalimu wa chuo ni mengi, lakini aghalabu yanafanana: talaka, mirathi, deni, saumu ya mgonjwa. Swali lililonifikia mwaka juzi hapa Pito lilikuwa la namna nyingine. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Pangani, anasoma uhandisi Ujerumani. Alinipigia simu baada ya Isha, akaniamkia, akaniuliza hali ya baridi ya huku, kisha akakohoa kidogo na kusema: "Mjomba, mtu akipunguza kilo zake kwenye karatasi tu, bila ya kumdhulumu mtu, huo nao ni uongo?"

Nikamwuliza karatasi ya nini. Akasema ni karatasi ya chama cha wanafunzi wanaojifunza kurusha glaida.

Kwa wenzangu wa pwani ambao hawajaiona, glaida ni ndege isiyo na injini. Ndege yenye injini na glaida ni kama mashua ya mashine na dau la tanga. Ina mbawa ndefu nyembamba, na tumbo lake ni jembamba pia, linalotosha watu wawili tu, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma yake. Huvutwa kwa waya mrefu unaokunjwa na mashine iliyowekwa mwisho wa kiwanja, au huburutwa na ndege yenye injini, ikapanda kama tiara ya watoto. Ikifika juu waya huachiwa, na tangu hapo hakuna kinachosikika ila upepo.

Wajerumani wana historia ndefu katika jambo hili. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, mkataba wa Versailles wa 1919 uliwabana katika kuunda ndege za injini, na vijana wao wakageukia zile zisizokuwa na injini. Mwaka 1920 walifanya mashindano yao ya kwanza juu ya mlima Wasserkuppe, na tangu miaka hiyo wanafunzi wa vyuo vya uhandisi wamekuwa na vyama vya kuunda glaida kwa mikono yao na kuzirusha. Mpwa wangu aliingia katika chama cha namna hiyo. Wala si mambo ya Ulaya peke yake, maana hata jirani zetu wa Kenya wamekuwa na klabu ya glaida huko Mweiga, karibu na Nyeri, baina ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya.

Sasa shida yake. Kuna glaida ya mafunzo inayotumika sana iitwayo ASK 21, ambayo iliruka mara ya kwanza mwaka 1979. Kiti chake kimewekewa ukomo: anayekalia asizidi kilo 110, na hapo mwamvuli wa kujiokoa anaofunga mgongoni umekwisha hesabiwa. Mpwa wangu, Mwenyezi Mungu ambariki, alikuwa na kilo 111 kabla hajavaa hata viatu. Wenzake wawili, kwa mapenzi tu, walimshauri aandike 100. Walimwambia kwamba ndege haianguki kwa kilo kumi na kitu.

Naomba msomaji asimcheke upesi. Kijana huyu nilikaa naye hapa Pito miaka minne alipokuwa akisoma sekondari, na asubuhi za Jumamosi na Jumapili alikuwa chuoni kwangu. Pito ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya nyanda za Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba mtu wa pwani hutetemeka hapa kama aliyeshikwa na homa. Ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi, na neno moja ambalo kila mtoto wa mkulima analijua ni lumbesa. Sheria ya vipimo imeweka kilo 100 kuwa ukomo wa gunia la mazao. Mnunuzi asiyemcha Mungu hulijaza gunia, akalishindilia, kisha akaliongezea kichwa kwa kushonea kipande juu, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Hilo ndilo lumbesa, na limewaumiza wakulima wa nchi hii kwa miaka mingi.

Basi wenzake shuleni walimpa mpwa wangu jina hilo. Akipita uwanjani, "Lumbesa!" Akichelewa kusimama kujibu swali, "Lumbesa amekwama." Alikuwa akicheka pamoja nao, kama wafanyavyo wengi wenye miili mikubwa, kwa kuwa asiyecheka huzidishiwa. Lakini jioni nilikuwa nikimwona ameketi nyuma ya nyumba na kitabu hakifungui. Kwa hiyo aliponiuliza juu ya ile karatasi nilijua kwamba hakuwa anatafuta hila. Alikuwa anakimbia kupandishwa tena kwenye mizani mbele ya watu.

Na mizani ya mbele ya watu naijua, maana mimi mwenyewe si mwembamba. Nakumbuka kiwanja kimoja cha ndege ndogo ambapo abiria tulipimwa mmoja mmoja pamoja na mizigo yetu, kwenye mizani ile ile ya kupimia maboksi. Nilipopanda mimi na kanzu yangu, sindano ikaenda ilikokwenda, na kijana mmoja wa mizigo akaita namba kwa sauti ya mnadani. Watu wakacheka. Rubani hakucheka. Aliiandika, akatutazama sote, akapanga nani akae wapi, na mimi akaniweka karibu na mbawa. Nilipomwuliza kwa nini, alinieleza kwa adabu kwamba kwenye nyanda za juu hewa ni nyepesi na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili iruke, tena kwamba uzito ukikaa mahali pasipo pake ndege hukataa mkono wa rubani. Katika watu wote waliokuwapo pale, yeye peke yake aliichukulia ile namba kama namba.

Kabla ya kumjibu mpwa wangu nilimwomba siku tatu. Sipendi kutoa fatwa juu ya kitu nisichokijua kinavyokwenda, na mashekhe wanaohukumu kwanza na kuuliza baadaye wametutosha. Nikamtaka anitumie maelezo yote aliyonayo, tukazungumza kila usiku. Niliyojifunza yalinishangaza.

Nilidhani mtu mzito huifanya glaida ianguke mapema. Sivyo. Injini ya glaida ni uzito wake wenyewe. Haina kingine cha kuisukuma. Inateremka kidogo kidogo, na mbawa zinaugeuza ule mteremko kuwa mwendo wa mbele. Hiyo ASK 21, katika hewa tulivu, hukwenda karibu mita 34 mbele kwa kila mita moja inayoshuka. Nikaipima hesabu hiyo kwa nchi yetu. Mashariki mwa Sumbawanga nyanda hizi huishia ghafla kwenye ukingo ambao wenyeji huuita Lyamba lya Mfipa, na chini yake, kiasi cha mita 1,000, limelala bonde la Ziwa Rukwa. Glaida ikitoka ukingoni hapo hewa ikiwa shwari, ingekuwa na kilomita 34 mbele yake kabla ya kugusa usawa wa maji.

Ukiongeza uzito, uwiano huo haubadiliki kwa kiasi cha kutajwa. Kinachobadilika ni kwamba safari ile ile huenda kwa kasi zaidi. Ndiyo maana washindani hujaza maji ndani ya mbawa za glaida zao, lita mia na zaidi, ili wawe wazito kwa makusudi, kisha huyamwaga kabla ya kutua. Mpwa wangu aliponisomea hayo alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu alipoondoka hapa. "Mjomba, kumbe wengine wanautafuta uzito na mimi ninao bure!"

Uzito una gharama yake pia. Mzito hupanda polepole pale hewa inayonyanyuka ilipo dhaifu, na hutua kwa kasi kubwa zaidi. Jambo hili ukitaka kuliona kwa macho, nenda maporomoko ya Kalambo, mpakani mwetu na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Kwenye majabali yake hutaga korongo wale wakubwa wenye mfuko shingoni, ambao wengine huwaita kongoti. Ndege huyu hufika kilo nane au tisa, na mbawa zake zikikunjuliwa hukaribia mita tatu. Asubuhi na mapema utamkuta amesimama tu kama mzee anayesubiri baraza, hashughuliki. Jua likishapanda na ardhi ikapata moto, hewa ya chini huanza kunyanyuka, naye hukunjua mbawa, akazunguka humo bila ya kupiga hata pigo moja, mpaka akawa nukta. Shomoro hahitaji kusubiri. Kongoti anasubiri, na akisha kusubiri huenda asikoweza kufika shomoro.

Ikiwa hivyo, kwa nini kiti kikawekewa kilo 110? Nilidhani ni woga wa wenye mali. Kumbe sababu ya kwanza ni ule mkao wa uzito alionieleza rubani wangu. Mwanafunzi hukaa mbele, mbali na mbawa. Akiwa mzito kupita kiasi pua huelemea chini, na mkia, ambao ndio unaoinua na kushusha pua, unaweza kukosa nguvu ya kuiinua wakati wa kutua, yaani wakati ule hasa inapotakiwa inuke. Mwembamba naye hana salama. Chini ya kilo 70 pua huwa nyepesi, ndege ikawa rahisi kupoteza mwendo na kuzunguka kama pia kuelekea chini, na kumtoa hapo ni kazi. Kwa hiyo msichana wa kilo 55 hufungiwa vipande vya risasi karibu na kiti chake ili atimize. Nilipenda sana habari hiyo. Mizani ile haimwonei mnene wala haimpendelei mwembamba, inataka kujua tu. Yako pia mambo ya mikanda na ya kiti chenyewe, ambavyo vimepimwa kustahimili kishindo cha kiasi fulani cha mwili na si zaidi.

Hapo nilimkumbuka Abbas ibn Firnas wa Andalusi, aliyefariki mwaka 274 wa Hijra, yaani 887. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baada yake, anaeleza kwamba alijivika manyoya, akajifunga mbawa, akaruka masafa fulani, lakini katika kutua akaumia mgongo, kwa kuwa hakujitengenezea mkia. Inasemekana wakati huo umri wake ulikwisha pita miaka 60, kwa hiyo wenzangu wa rika langu tusijidharau. Wakati mwingine tunajifaharisha kwa jina lake hata tukasahau mkia. Mtu yule alikuwa na elimu na ushujaa, na kilichomwumiza ni hesabu ya mizani, ndiyo hesabu ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mpwa wangu. Na al-Jawhari, mwenye kamusi mashuhuri ya Sihah, alikufa huko Nishapur mwishoni mwa karne ya 4 ya Hijra kwa kuruka kutoka juu ya msikiti na mbawa za mbao. Miaka 900 hivi baadaye Mjerumani Otto Lilienthal aliruka kiasi cha mara 2,000 baina ya 1891 na 1896, akiiongoza glaida yake kwa kuusogeza mwili wake tu, huku na huku. Uzito wake ndio uliokuwa usukani wake. Naye alianguka, akafa tarehe 10 Agosti 1896.

Siku ya tatu nilimpigia mpwa wangu. Sikuanza na dhambi. Nilimwuliza, "Nani atakaa kiti cha nyuma?"

"Mwalimu, Mjomba."

"Ana watoto?"

"Wawili, nadhani."

"Anazijua kilo zako?"

Akanyamaza, kisha akasema, "Atazijua zile za kwenye karatasi."

"Basi ulisema humdhulumu mtu. Huyo umemhesabu?"

Hakujibu, nami sikumshikilia. Nilimwambia kwamba uzito wa mtu, maadamu yuko peke yake, ni siri yake na Mola wake, na asiulizwe na yeyote. Lakini akikaa chombo kimoja na mwenzake, uzito ule unakuwa amana mkononi mwake, na yule wa nyuma amefunga mikanda kwa kuliamini neno lake. Mnunuzi wa lumbesa huandika gunia moja na kubeba zaidi. Huyu naye ataandika mia na kubeba zaidi. Nilikuwa mwangalifu nisilitaje lile jina lake la shule, lakini alilitaja yeye mwenyewe. "Yaani Mjomba, safari hii nitakuwa lumbesa kweli."

Kisha nilimsimulia habari ya Mama wa Waumini, Bibi Sauda binti Zam'a, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Alikuwa mwanamke mzito wa mwili na mwendo wake wa polepole. Katika Hija, usiku wa Muzdalifa, alimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, atangulie kuondoka kabla ya msongamano wa watu, kwa sababu ya uzito wake. Akaruhusiwa. Hakuona haya kuitaja sababu, wala hatukusikia kwamba kuna aliyemcheka. Hadithi hiyo imo katika vitabu sahihi vya Bukhari na Muslim, na wanachuoni wameitegemea katika ruhusa ya wanyonge mpaka leo. Mwili wake ulitajwa kwa jina lake, na njia ikafunguka kwake na kwa waliokuja baada yake.

Dada yangu alipopata habari alinijia juu. Kwanza, kwa nini mtoto apande kitu kisicho na injini. Pili, na hili ndilo lililomuuma zaidi, kwa nini apunguzwe mwili. "Mwanangu akikonda huko ugenini watu watasema nini? Watasema hana raha, hali." Pwani yetu ndivyo ilivyo: mnene ameneemeka, mwembamba ana mashaka, na huyo huyo mnene tukimkuta kwenye mizani tunamcheka. Nilimwambia dada, asiyependa kuona mtoto wake akichekwa aanze na shangazi zake mezani.

Wako pia wazee wenzangu hapa walioniambia ningemkataza moja kwa moja, kwamba ni mchezo wa wasio na kazi. Sikukubaliana nao. Babu zetu walivuka bahari kwa kuujua upepo wa kaskazi na wa kusi, na hakuna aliyewaambia wanacheza. Kijana anayejifunza hewa inavyonyanyuka na inavyoshuka anasoma kitabu kile kile, ukurasa mwingine.

Mpwa wangu alikwenda. Aliomba apimwe kama atakavyoruka, na nguo, viatu na mwamvuli mgongoni: kilo 120. Mwalimu aliiandika, akamwambia kiti hiki hakitamchukua kwa sasa, lakini kazi ya chini ya glaida ni kubwa kuliko ya juu, aje. Akawa anakwenda kila Jumamosi kuzisukuma glaida kiwanjani, kukimbia na ncha ya ubawa wakati wa kuondoka, kuangalia upepo, na baadaye kuendesha mashine ya kukunja waya. Alimwona daktari kwanza, nami nilimsisitiza hilo, maana mambo ya kujinyima chakula kwa pupa yamewaharibu wengi. Akaacha soda, akaenda chuoni kwa miguu, na akawa anafunga Jumatatu na Alhamisi, jambo ambalo alikuwa akilifanya hapa Pito kisha akaliacha. Ilimchukua miezi minane. Kilo 100 mwili wake, 109 pamoja na vyote.

Mara ya kwanza alikaa angani dakika saba. Aliniambia hakuona chochote ila mikono yake. Wiki ya tatu walikuta hewa inayonyanyuka, na ndani yake kulikuwa na kipanga anazunguka, wakazunguka naye, glaida upande huu na ndege upande ule. Mwalimu akamwachia usukani. Alinipigia usiku ule ule, na kwa robo saa sikupata nafasi ya kusema neno.

Mwaka huu alikuja nyumbani kwa Idd, akakaa Pangani wiki tatu. Dada yangu hakuzembea: pilau, mkate wa kumimina, samaki wa kupaka, na tambi asubuhi. Aliporudi Ujerumani alipanda mizani na mwamvuli mgongoni, akakuta 113. Mwalimu hakuwapo siku ile, na hakuna aliyemwuliza. Aliiandika mwenyewe kwenye daftari, akaenda mwisho wa kiwanja kwenye mashine ya waya, na Jumamosi nzima akawa anawavuta wenzake juu.